Ilikatika Saa Ngapi?

Haya ni mazungumzo kuhusu mvua, hewa na mawimbi ya setilaiti, niliyotoa Jumamosi alasiri mbele ya mafundi wa dishi, mabaharia na vijana wa chuo, katika ukumbi mmoja hapa Tudor, Mombasa. Wengi wenu mliniandikia kwamba mlikwama kwenye feri au mlikuwa juu ya mapaa ya watu. Nimeyaweka kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha. Hata pale ukumbini hazikuonekana kwa mwanga wa madirisha.

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Wazee wangu, kina mama, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliokimbilia viti vya nyuma karibu na feni, asanteni kwa kuja. Ukumbi umepakwa rangi mpya, hongereni. Sasa kabla sijaanza, itazameni ile TV pale juu ya mlango. Imezimwa? Haijazimwa. Taa yake inawaka, ila kioo kinasema hakuna mawimbi. Nilipoingia nikauliza kuna nini. Mmoja akaniambia ni mvua ya juzi usiku. Mwingine akasema setilaiti imeharibika. Wa tatu, fundi mwenzangu aliyekaa hapa mbele, simtaji jina, akasema, "Dishi limesogea, nipe ngazi." Nikamwambia ngoja, ngazi tutaipata. Mimi nina swali moja tu, nalo ndilo lililonileta hapa. Ilikatika saa ngapi?

Swali hilo nilifundishwa kwa kusutwa.

Nilikuwa na mwaka wa pili tu kwenye kazi hii. Bibi mmoja wa Majengo akaniita mara tatu ndani ya mwezi wa Mei, masika yamepamba moto. Kila nikifika napanda bati, naona dishi liko pale pale, nakaza skrubu mbili tatu, nashuka, TV inaonyesha, nalipwa. Mara ya tatu nimetua chini, bibi kanikazia macho, akasema: "Mwanangu, wewe waja mvua ishaanuka. Wapapasapapasa huko juu, washuka, wataka pesa. Hii TV yajitengeneza yenyewe kabla hujafunga baiskeli! Hata siku moja hujaniuliza yakatika saa ngapi." Wallahi sikuwa nimeuliza. Ilikuwa ikikatika mvua ikishika, ikirudi mvua ikianuka, na mimi nalipisha watu kwa kazi ya jua. Pesa ya mara ya tatu nilimrudishia. Zile mbili za kwanza nilikuwa nimeshazila.

Basi tuanze na mvua.

Setilaiti inayowaletea wengi wetu mpira na tamthilia imesimama nyuzi 36 mashariki, juu ya mstari wa ikweta. Mkitaka kujua ni juu ya wapi, ni juu ya Mogotio, kaskazini kidogo ya Nakuru. Ukipanda kutoka Mogotio wima bila kukata kona, kilomita 35,786, utagonga kichwa hapo. Sisi wa Mombasa tunaiona karibu na utosi, nyuzi kama 83 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana dishi zetu zimelala chali zikitazama mbinguni, na dishi za London zimesimama kama mtu anayechungulia dirishani kwa jirani.

Nguvu inayotoka kule kwa kila kundi la chaneli ni wati mia na kitu. Balbu mbili tatu za zamani! Balbu hizo ziangaze bara zima, kutoka mbali namna hiyo. Sasa niambieni, katika kilomita hizo elfu thelathini na tano na ushei, mvua iko kwenye kilomita ngapi? Tano. Katika nchi za joto kama yetu, ukipita kilomita 5 hivi kwenda juu, maji yameganda, na barafu haiyali mawimbi kwa kiasi cha kutusumbua. Maji ndiyo yanayokula.

Ni safari ya mtu wa Likoni anayetoka Nairobi. Amelala ndani ya basi, amepita Mtito, amepita Voi, amepita Mariakani, karibu kilomita 480 bila tatizo. Anafika kwenye mkondo wa nusu kilomita, nyumbani kwake anapaona kwa macho, na hapo ndipo anaposimama foleni saa nzima.

Kwa nini maji? Kwa sababu ya ukubwa. Dishi hizi ndogo za nyumbani hupokea masafa ya gigahezi 12 hivi, yaani mawimbi bilioni 12 kwa sekunde, na kwenye masafa hayo wimbi moja lina urefu wa sentimita mbili na nusu. Tone nene la mvua ya masika lina upana wa milimita 5. Hapo wimbi na tone wanajuana. Zile dishi kubwa za kizamani, za futi sita, futi nane, ambazo benki na ofisi za meli zilikuwa nazo juu ya paa, hupokea gigahezi 4, na wimbi lake ni sentimita saba na nusu. Nendeni pwani mkatazame nguzo ya gati. Wimbi kubwa la kusi linapita kwenye nguzo kana kwamba nguzo haipo. Viwimbi vidogo vya upepo vinagonga nguzo hiyo hiyo na kuvunjika.

Nitawapa hesabu, msiogope. Chukueni mvua kali ya milimita 100 kwa saa, ile ambayo ukisimama Digo Road huoni upande wa pili. Katika kila kilomita moja ya mvua hiyo, gigahezi 12 hupoteza desibeli 5 na kidogo, desibeli ikiwa ni kipimo cha nguvu inayopotea. Gigahezi 4 haipotezi hata robo desibeli. Gigahezi 20, wanazozitumia sana kwa intaneti siku hizi, hupoteza kama 12. Na desibeli mkumbuke zilivyo: kila ukipoteza tatu, nguvu inabaki nusu. Ukipoteza tano umebaki na chini ya theluthi. Kilomita mbili za mvua hiyo, umebaki na chini ya sehemu moja ya kumi. Na fundi anakaza skrubu! Skrubu itarudisha sehemu tisa za kumi?

Kuna jambo ambalo hata mafundi wakubwa hawalijui. Tone la mvua, kila mtu analichora kama chozi, limechongoka juu. Si kweli. Tone kubwa linapoanguka hewa inalisukuma kutoka chini, linabonyea, linakuwa bapa. Linafanana na kitumbua. Na kwa kuwa kitumbua ni kipana kwa kulala kuliko kwa kusimama, mawimbi yaliyotumwa kwa kulala huliwa zaidi kuliko yaliyotumwa kwa kusimama. Chaneli nyingine hutumwa kwa kulala, nyingine kwa kusimama. Ndiyo maana mara nyingine mvua inanyesha, chaneli hii inakatika na ya jirani yake inaendelea, dishi ni moja, waya ni mmoja. Mteja anadhani amekatiwa kwa sababu hajalipia. Kumbe ni vitumbua.

Na mvua haiibi tu. Inapiga kelele pia. Kila kitu chenye joto kinatoa mawimbi, hata mimi hapa, hata ukuta. Dishi linapotazama anga safi linatazama mahali pa baridi sana, pako kimya. Wingu la mvua likiingia katikati, dishi linatazama maji ya vuguvugu yanayonguruma. Sauti unayoitaka imepungua, kelele imeongezeka. Umepigwa mara mbili.

Kwa kuwa nimetaja kelele: mwaka 1964 huko New Jersey, Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa iliyojengwa kwa majaribio ya setilaiti, na ndani yake kulikuwa na kelele isiyoisha. Usiku ipo, mchana ipo, ukiigeuza huku ipo, kule ipo. Wakakuta njiwa wamejenga ndani. Wakawatoa njiwa, wakasugua kinyesi. Kelele ikabaki. Ilikuwa ni joto lililobaki tangu mwanzo wa ulimwengu, na mwaka 1978 wakapewa Nobeli. Msikilize wenzangu: hata wao walianza kwa kusafisha dishi. Tofauti ni kwamba walipomaliza kusafisha hawakuandika risiti wakaenda zao, waliendelea kuuliza kelele inakuja saa ngapi, na jibu lilikuwa saa zote.

Haya. Mvua inanyesha hapa, picha inakatika hapa. Hilo sasa hata mtoto analijua. Je, jua linawaka Mombasa, mawingu hakuna, na bado imekatika?

Kabla ya mwaka 2009 nyaya za intaneti za baharini zilikuwa hazijafika ufuo wetu. Intaneti yote ya Kenya kwenda ng'ambo ilipita angani. Mimi nilikuwa na saiba ndogo, kompyuta sita, dishi uani, na deni. Siku moja ya kaskazi, joto hadi lami inanata kwenye viatu, anga ya buluu tupu, intaneti ikafa. Ndani nina wateja sita. Mmoja ni kijana anatuma maombi ya kazi ya meli, na siku ya mwisho ni ile ile. Anasimama, anakaa, anasimama. Mimi nimepanda, nimeshuka, nimefungua kila konekta, jasho linanitoka. Mwisho nikapiga simu kwa kampuni iliyotuuzia huduma, kituo chao kiko Ulaya. Mhandisi wa kule, mtu mpole, akaniambia: "Hapa kwetu kuna mvua ya radi, tunasubiri ipungue."

Mvua yao! Nilikaa chini kwenye kivuli cha dishi langu lisilo na kosa nikacheka peke yangu. Mawimbi yana safari mbili, jamani. Kuna ya kupanda na kuna ya kushuka. Ya kushuka mnaiona, kwa sababu inaishia kwenye paa lenu. Ya kupanda inaanzia mahali pengine kabisa, na mvua ikikaa juu ya kituo cha kurushia, hawakatikiwi watu wa mtaa mmoja, wanakatikiwa wote wanaotegemea kituo hicho, mwenye mvua na mwenye jua. Vituo vikubwa huongeza nguvu ya kurusha mvua ikianza, na vingine hujengwa viwili, mbali kidogo, kwa kuwa mvua nzito ina mipaka. Nyinyi mnajua, Kisauni watu wanakinga maji kwenye mapipa na Changamwe vumbi linatimka. Kituo kimoja kikifunikwa kingine kinashika zamu. Kampuni yetu ilikuwa na kimoja.

Kijana wa meli? Mvua ya Ulaya ilipungua saa kumi na nusu, maombi yakaenda. Alipata ile kazi.

Kwa hiyo swali letu limekua. Ilikatika saa ngapi, na jirani yako anaona? Jirani wa karibu, halafu jirani wa Lamu, halafu jirani wa Kisumu. Piga simu tatu kabla ya kupanda ngazi moja.

Wanaonunua huduma, hili ni lenu. Akija mtu wa mauzo na tai yake akakuambia intaneti yetu ya setilaiti inapatikana asilimia 99.5, utaona ni karibu mia, utatia saini. Fanya hesabu mbele yake. Mwaka una saa 8,760. Nusu asilimia ni saa 44 hivi. Mbaya si hizo saa 44, mbaya ni kwamba hazigawanywi sawasawa kama zaka. Zinarundikana masika na vuli, mchana wa kazi, foleni ya wateja iko mlangoni. Muulize saa zangu 44 zitaangukia mwezi gani. Nimewaona wakifungua mkoba kutafuta karatasi.

Na zamani kukatika kulikuwa na adabu. Picha ilianza kuingia chenga, zikaongezeka, ukajua mvua inakuja, hata nguo ukaanua. Siku hizi za dijitali picha ni safi, safi, safi, halafu vipandevipande vya mraba, halafu giza. King'amuzi hurekebisha makosa mpaka kinaposhindwa, na kikishindwa kinashindwa chote. Mwenye TV haoni dalili, ndiyo maana anadhani kitu kimevunjika.

Sasa tupande juu zaidi, tuiache mvua chini. Mabaharia, amkeni, hii ni yenu.

Nahodha mmoja rafiki yangu, mvuvi wa Shimoni, alinijia mwezi wa Machi mwaka 2024 amebeba GPS yake ndani ya kanga ya mkewe, kama mtoto mgonjwa. Akaniambia imeharibika. Ametia nanga, bahari shwari, na alama ya mashua inarukaruka kwenye kioo, mara iko mwambani, mara imerudi, mara mashine inasema haioni setilaiti za kutosha. Nikaiwasha pale dukani mchana, haina kasoro. Nikakumbuka bibi wa Majengo. Nikamuuliza, "Nahodha, yaharibika saa ngapi?" Akafikiri. "Baada ya isha. Saa mbili, saa tatu. Ikifika saa sita usiku yatulia." Mvua? Hakuna, nyota tupu.

Wazee wangu mnaokumbuka redio ya mawimbi mafupi, mnakumbuka jinsi mlivyokuwa mkikaa barazani jioni kusikiliza idhaa za mbali? Zilifikaje kutoka mbali hivyo? Huko juu, kuanzia kilomita 80 hivi na kuendelea mpaka mamia, jua linazipiga chembe za hewa na kuzing'oa elektroni. Hilo ndilo tabaka la ioni. Mawimbi mafupi yakipanda yanagonga hapo yanarudi chini, nchi hata nchi. Sir Edward Appleton wa Uingereza alipata Nobeli mwaka 1947 kwa kulichunguza tabaka hilo. Basi tabaka lililokuwa rafiki wa redio ndilo linalomsumbua mtu wa setilaiti, kwa kuwa mawimbi ya setilaiti hayagongi kurudi, yanapenya, na katika kupenya yanacheleweshwa na kutikiswa.

Mchana tabaka hili limetulia kama maji ya bandari. Jua likizama, hasa kwetu watu wa karibu na ikweta ya sumaku, ule mstari wa katikati ya ncha mbili za sumaku ya dunia, linachafuka. Sehemu nyepesi za chini zinapanda juu kama mapovu ya chungu kinachochemka, na mawimbi yakipita kwenye mapovu hayo yanametameta vile vile nyota zinavyometameta. Yanayoumia ni masafa ya chini: GPS kwenye megahezi 1575, yaani gigahezi moja na nusu hivi, simu za setilaiti, vyombo vya meli. Gigahezi 12 ya TV hapo karibu haisikii kitu. Mnaona mambo yalivyogeuka? Mvua inamla mwenye wimbi fupi na kumwacha mwenye wimbi refu. Tabaka la ioni linamtikisa mwenye wimbi refu na kumwacha mwenye wimbi fupi.

Mapovu haya huzidi miezi ya Machi na Septemba, na huzidi sana jua likiwa kwenye kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi. Mwaka 2024 lilikuwa kileleni. Nahodha wangu alikuwa na mwezi, mwaka na saa, vyote vitatu. Nikamfungia GPS yake kwenye kanga nikamwambia mashine nzima, ukitaka nafuu nunua ile inayosikiliza masafa mawili, kwa sababu kila masafa hucheleweshwa kwa kiasi chake na mashine ikilinganisha inajua imeibiwa kiasi gani. Na usiku wa namna hiyo tazama mnara wa taa kama alivyofanya babako. Sikumtoza. Siku ya pili akaniletea changu wawili.

Na msidhani habari hizi ni za Wazungu peke yao. Kaskazini yetu hapo, Ngomeni karibu na Malindi, Waitalia walikuwa na jukwaa lao la chuma lililosimama baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha kutoka hapo setilaiti ya San Marco 2, kwenda kupima hewa ya juu kabisa na tabaka la ioni juu ya ikweta. Miaka mitatu baadaye, 12 Desemba 1970, ikarushwa nyingine ya Wamarekani, ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Jina la Kiswahili likaenda angani kutoka mwambao huu. Waulizeni watoto wenu kama shuleni wameambiwa.

Hewa hiyo ya juu ni nyembamba mno, lakini si bure. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za intaneti yake ya Starlink. Siku iliyofuata dhoruba ya jua ikaipasha moto hewa ya juu, ikavimba, na setilaiti zilikuwa bado chini, kilomita 210 hivi. Karibu 40 zilikokotwa na hewa zikaanguka na kuungua. Hapo usimuulize mtu kama amekaza skrubu.

Mengine nayapitia haraka. Wingu jeupe peke yake halikati TV, msilisingizie. Upepo haugusi mawimbi, unagusa dishi lililofungwa vibaya. Na kuna siku chache karibu na tarehe 21 Machi na 22 Septemba, saa sita na nusu mchana, TV inapotea dakika chache kila siku kisha inarudi. Hiyo si hewa: ni jua limepita nyuma ya setilaiti na dishi linasikia jua tu. Msipokee pesa kwa kazi hiyo.

Lakini kuna hewa ya Mombasa, hii tunayoivuta, na hii simsamehei fundi asiyeijua. Ina chumvi. Fungueni konekta ya dishi lililokaa miaka miwili Nyali au Mji wa Kale, mtaona ukoko wa kijani, ukiukwangua kwa kucha unatoka kama unga. Mtu anakata chupa ya plastiki anavisha jicho la dishi akidhani anakinga maji. Amefungia unyevu wa chumvi ndani, asubuhi jua linaupika, usiku unatona. Dalili yake ni ipi? Haifuati mvua wala saa. Inakatika ikitaka.

Sasa ile TV. Mzee wetu mtunza ukumbi, uko wapi? Sogea mbele, mzee wangu, shikamoo. Hii ilikatika saa ngapi?

(Mzee akasema: Alhamisi, saa nne asubuhi.)

Kulikuwa na mvua?

("La, jua kali." Vijana wa nyuma wakapiga kelele: "Kituo cha kurushia!")

Taratibu, vijana. Mzee, jirani hapo ng'ambo ya uchochoro, yeye aona?

("Aona mpira mpaka sasa, twamsikia.")

Saa nne asubuhi, jua, jirani anaona, na tangu hapo haijarudi hata dakika. Mzee wangu, Alhamisi saa nne hapa juu ya paa kulikuwa na nani?

("Wapaka rangi.")

Fundi, chukua ngazi.